Korongo wa Kwetu Nimewakuta Al Twar

Al Twar,
Dubai.
14 Oktoba 2025

Mpendwa kaka Protas,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mguu wa mama haumsumbui sana kipindi hiki cha mvua. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio hautulii.

Barua anakuletea Irene, ninayekaa naye chumba kimoja, mkono kwa mkono. Isome peke yako. Mwenzako wa doria, Masatu, asiione kabisa.

Unajua nafanya kazi kwa madam Asila, yule mama mwenye asili ya Unguja. Wiki iliyopita nilikuwa naanika nguo darini nikasikia sauti ambayo sijaisikia tangu niondoke kwetu ziwani. Nikachungulia uani kwa jirani, Bassam. Korongo wawili wenye taji, Protas! Wamekatwa manyoya ya bawa moja, miguu imefungwa kamba, wanakunywa maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Mmoja alikuwa hawezi hata kusimama.

Aliyekuwa akiwamwagia mahindi ni Chacha, mtoto wa shangazi. Mimi nilidhani bado anabeba mizigo kule Al Ras.

Nilishuka nikamwita getini. Wala hakuona aibu.

"Dada, yalla, usipige kelele. Hawa wametoka kwenye kinamasi cha kwetu. Vifaranga wanafuata mvua ikikolea, arbab, huyu tajiri wangu Bassam, ameshaagiza."

Nikamuuliza majangili wanawapataje, wakati wewe na wenzako mnalinda yale mafunjo usiku na mchana. Akacheka.

"Masatu anawaambia Protas yuko upande gani. Wakiingia wanachoma mafunjo, ndege wanatoka wenyewe. Ila safari hii kaka yako akitokea, wamesema hawatamkimbia."

"Na wewe ukasemaje?"

"Mimi niko huku, dada. Ningesema nini?"

Jioni nilikupigia. Akapokea Masatu, akaniambia umeacha simu kwenye mtumbwi. Nikamsalimia, nikamuuliza habari za ziwa kama vile hakuna kitu, nikakata.

Nilimweleza madam. Niliogopa, maana Bassam ni jirani yake wa miaka mingi, na angeweza kunirudisha nyumbani kwa kumletea fitina. Akasema, "Sipendi kugombana na jirani, Paskazia. Lakini ndege hawa hawakuja huku kwa radhi yao, na nduguyo yumo hatarini. Nipe simu yangu." Akawapigia mwenyewe watu wa serikali wanaokagua wanyama.

Wakaguzi walipofika asubuhi, korongo mmoja alikuwa ameshakufa. Aliye hai wameondoka naye. Bassam hatusalimii tena.

Chacha wamemshika. Kabla hawajamnyang'anya simu alinipigia analia, anaomba niseme nimemfananisha. Kafeel wake, yule mdhamini wake wa kazi, ameshamkana, hana mtu mwingine huku ila mimi. Nilikataa. Nimewapa jina lake, na la Masatu pia.

Sasa nakusihi, kaka. Usiingie kinamasini na Masatu, wala usimwonyeshe kwamba umejua. Nenda Musoma mjini kwa maofisa wa wanyamapori, uwaongoze wenyewe mpaka kwenye mafunjo kabla hayajawashwa moto. Najua hasira zako. Ukimkabili peke yako watakumaliza, na hao ndege watachukuliwa vilevile. Ukishafika mjini nipigie kwa simu ya mtu mwingine. Mpaka nisikie sauti yako sitalala.

Msalimie mama, shemeji Adelina na watoto wote. Shangazi sijamwandikia salamu. Nimeanza mara kadhaa, kalamu inakwama kwenye jina lake. Mwambie wewe habari za Chacha, ukae karibu naye, kabla hajazisikia mwaloni kwa wavuvi.

Mungu akutangulie kila unapousukuma mtumbwi majini.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukuogopea,
Paskazia