Dereva Anayeendeshwa

Jumanne, 8 Juni 1971

Leo nimeendeshwa! Mimi, Mabruki, dereva wa Bwana Kihara tangu mwaka wa Uhuru, nimekaa kiti cha abiria, kofia ya kazi kichwani, mikono mapajani kama bibi harusi.

Bosi ameliweka gari letu la Pijo gereji ya nyumbani na kununua Poshi. Ya Kijerumani, nyekundu, ya mbio. Kauziwa na Mzungu wa mtaa wa Karen anayerudi kwao. Nikafungua boneti nione injini — nikakuta tairi la spea. Injini iko nyuma. Radieta hakuna, maji hakuna. Na kazi ya dereva pia hakuna, maana bosi amesema, "Mabruki, hii naendesha mwenyewe. Wewe utakuwa mtu wa oil."

Mtu wa oil. Hongera kwangu, nimepanda cheo.

Jumatano, 9 Juni

Nimepima oili alfajiri, injini baridi, kama nilivyopima kila gari nililowahi kushika. Kijiti cha kupimia kikavu kabisa! Nikamimina kopo zima. Wajerumani ni watu werevu, wameunda gari linalokunywa kumshinda bosi mwisho wa mwezi.

Saa sita tumekwenda hoteli moja Kenyatta Avenue. Bawabu kakimbia kufungua mlango — wangu. "Karibu, mheshimiwa." Kisha akainama dirishani kwa bosi: "Wewe dereva, peleka gari huko nyuma. Hapa ni ya wakubwa."

Ningefanyaje? Nilishuka, nikamshukuru. Bosi aliponda gia njia nzima mpaka nyumbani kwake Lavington.

Jumatatu, 14 Juni

Kijiti kikavu tena. Alhamisi kilikuwa kikavu, Ijumaa pia. Kijiti kikisema kavu, mimi ni nani nibishane nacho? Namimina.

Leo Uhuru Highway Poshi imetoa moshi wa buluu, mpaka basi la nyuma yetu likawasha taa mchana. Bosi anamlaani yule Mzungu, eti kamuuzia injini iliyokwisha. Ila anasema bila Mabruki gari lingekufa zamani. Nimefurahi, sitaficha.

Nimemhadithia Mishi hapa nyumbani Kabiria. Mke wangu huyu kacheka mpaka akakaa chini. Halafu akauliza: mtu akishajiendesha mwenyewe, dereva anamlipa wa nini? Nikamwambia chai haina sukari.

Alhamisi, 17 Juni

Jioni bosi na mkewe, Madam Phoebe, walikuwa na karamu mjini. Madam alikaa kiti cha nyuma, kile kinachotosha mkoba tu, magoti kidevuni, wigi likigonga paa kila shimo. Kiti cha mbele kilikuwa changu. Mtu wa oil lazima awe karibu, gari lisije likazima!

Walipofika walisimama kando kuzozana kwa Kiingereza. Wanadhani Kiingereza changu kinaishia *yes sir*. Madam alisema kiti kile ni chake na amechoka. Bosi akamtuliza: Poshi ikitengemaa, atamwachisha Mabruki kazi mwisho wa mwezi. Ikizidi kusumbua ataiuza, warudi kwenye Pijo na dereva wao.

Basi ndivyo ilivyo. Gari likipona mimi sina kazi. Likiugua ninayo. Sijui leo niliombee dua gani.

Jumamosi, 19 Juni

Bosi yuko Kisumu. Kaniachia ufunguo nipeleke Poshi Kawangware kwa fundi Ogutu, ikamwagwe oili yote itiwe mpya. Huenda oili ndiyo mbaya, kasema. Na nisipite mwendo wa thelathini.

Nimeendesha! Nilizunguka Ngong Road makusudi. Thelathini niliiona, nikaipita. Niseme kweli kwa kuwa hakuna anayesoma hapa: nimelipenda gari hili. Unaligusa tu, linakwenda. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Ogutu huvaa koti la rali, ingawa rali yenyewe huitazama kando ya barabara kama sisi wote. Alipofungua bolti ya chini oili ilijaza karai, akakimbilia la pili.

"Nani hupima hii?"

"Mimi," nikasema, kifua mbele.

"Unapima saa gani?"

"Alfajiri. Injini ikiwa imelala."

Alicheka mpaka wateja wengine wakaja kutazama. "Omera, ndugu! Hii hupimwa ikiwa moto, inanguruma, na imesimama pahali sawa! Ikilala, oil yote inarudi chini kwa injini. Kijiti lazima kikauke. Umeizamisha, mzee. Hiyo moshi ni wewe!"

Ametia oili ya kiasi chake. Moshi hakuna. Gari halikuwa na ugonjwa hata siku moja. Ugonjwa ulikuwa mimi, na kofia yangu.

Nimemwomba Ogutu jambo hili libaki kati yetu. Kaapa litabaki. Nilipotoka getini bado nilimsikia akiwahadithia.

Jumatatu, 21 Juni

Bosi hajawahi kuwa na raha kama leo. Poshi imepona! Kaenda ofisini na kurudi bila tone la moshi. Jioni kanipigapiga bega, akitazama ua la jirani, akasema mwisho wa mwezi tukae tuzungumze.

Miaka minane. Nilimpeleka hospitali siku mtoto wake wa kwanza alipozaliwa. Nimempeleka kuzika baba yake, matope mpaka magotini. Yote hayo, malipo yake ni kupigwapigwa bega moja. Imeniuma.

Jumanne, 22 Juni

Nimepima alfajiri. Injini baridi. Kijiti kikavu.

Nimemimina.

Alhamisi, 24 Juni

Makopo mawili zaidi jana, moja leo. Mtu wa oil anafanya kazi yake, asiambiwe ni mvivu.

Moshi umerudi kwa fahari yake yote. Pale Kenyatta Avenue askari wa trafiki alikohoa akatupungia tupite upesi. Bosi kagonga usukani kwa ngumi: basi, anauza! Jumatatu turudi kwenye Pijo.

Madam Phoebe kaniletea chai kwa mkono wake, na mandazi mawili. Tangu nianze kazi, mara ya kwanza. Nimekula.

Mishi kafurahi sana. Sijamwambia habari ya Ogutu.

Jumamosi, 26 Juni

Naandika upesi, chooni, choo cha wafanyakazi nyuma ya jikoni kwa bosi. Kijitabu nashukuru kilikuwa mfukoni.

Mnunuzi amekuja. Kijana Taib, wa duka la vitambaa Biashara Street, kwao Mombasa kama mimi. Bosi hakumficha kitu: injini imekwisha, inakunywa oil, ndiyo maana bei ni nusu. Mtu mwingine angenyamaza. Taib katembeza Poshi mpaka kwenye mzunguko wa barabara na kurudi. Ameisimamisha uani, penye sakafu sawa. Hakuizima. Kalizunguka gari, kasikiliza, kakunja uso.

"Lakini mbona sauti yake nzima?" kauliza. Kisha kanigeukia mimi. "Ami, wewe ndiwe unayeijua. Niambie kweli, injini hii imekwisha?"

Nikamtazama bosi. Nilidhani atajibu yeye.

"Muulize tu," akasema bosi. "Mimi ni mfanyabiashara, naweza kukuongopea. Huyu, miaka minane, hajawahi kunidanganya hata mara moja."

Alilisema hilo kwa kujivuna! Na kanitazama usoni, safari hii usoni kabisa.

Taib akasema basi, ami, nipimie oili hapahapa, tuione sote. Gari moto. Linanguruma. Sakafu sawa. Hapo kijiti hakitatoka kikavu.

Nimewaambia wangoje, naja, naenda kuchukua kitambaa cha kufutia kijiti.

Injini naisikia mpaka huku. Bosi ameita mara moja. Sasa ameita tena, bila hasira, anauliza kama nimekosa kitambaa anitafutie.

Kitambaa ninacho. Kiko mfukoni tangu asubuhi.