Samadi ya Kumpokea Mgeni

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, pamoja na mkeo na watoto. Sisi huku tunapumua. Nisingependa kukuandikia zaidi ya hapo nikadanganya, maana unakumbuka nilivyokuchapa utotoni kwa sababu ya uongo.

Mkataba tuliotia saini mimi na wewe ulisema shamba lisilimwe kwa miaka ishirini, ili udongo uhifadhi kaboni, na viwanda vinavyotozwa kodi ya moshi vitulipe kwa uhifadhi huo. Jirani yetu, Mzee Domo, alicheka akasema tangu azaliwe hajaona mtu akilipwa kwa kukaa bure. Laiti tungemsikiliza!

Mpima udongo alipokuja mara ya kwanza, tulimpokea kama mkwe. Nilisema aibu ya shamba ni aibu ya mwenye shamba, tukamwaga samadi yote ya zizini na kuichanganya na udongo. Akapima, akatusifu. Hakuna aliyetuambia kwamba tungelipwa kwa kile tu kitakachoongezeka juu ya kipimo hicho. Juzi amerudi, samadi imekwisha kuoza na kipimo kimeshuka. Binti huyo wa watu aliniamkia kwa adabu, kisha akanieleza kwamba hatuna tunachodai, lakini mkataba unaendelea. Atakayelima atanyang'anywa sehemu yake, na mwenzake akijua akanyamaza, naye atanyang'anywa. Nikamuuliza tule nini. Akasema, bibi, mimi napima tu.

Ardhi imekuwa ngumu kama sakafu. Mbegu tunazochomeka kwa kijiti zinaliwa na ndege. Mama haulizi tena kilichopo jikoni. Anauliza kama wajukuu wamekula, kisha anasema yeye ameshiba. Mikono yake imebaki mifupa.

Sasa nisikilize. Leo alfajiri nimechukua jembe nikalima upande wangu, kutoka mpakani hadi kisimani. Mvua i karibu, nami siwezi kumzika mama kwa ajili ya moshi wa watu nisiowajua. Wenye mkataba watakuja tu, shamba lililolimwa halifichiki. Wakikuuliza, sema dada hakukwambia neno, ili angalau upande wako ubaki. Ukimaliza kusoma, ichome barua hii.

Ni uongo, najua. Useme bila kutetemeka.

Mama anakusalimu sana, na wanao uwabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi,
Dada yako mkubwa