Leso Juu ya Mshono

Jumatatu, 3 Machi

Nimeoga nikishika ukuta. Nimekausha mshono na kitambaa safi, vile nesi alisema, macho nikiyaweka kwa dari. Sitaki kuuona. Kutoka kitandani ni kazi ya kibarua: ujigeuze ubavu, ushushe miguu, ujisukume na mkono, upumzike. Mtoto analia na bado hujamfikia.

Mume wangu Kamau amerudi kazini Thika. Nimebaki hapa Gatongora na mama yake, aliyekuja kutoka shamba kunitunza. Tunamwita Shosho sasa, nyanya wa mtoto. Mtoto amepewa jina lake, Wambui, na anajivunia vibaya sana. Maharagwe meusi ya njahi asubuhi, njahi jioni, eti ndio maziwa yajae. Nimechoka na njahi. Nimechoka tu.

Jumanne, 4 Machi

Shosho amenifunga leso tumboni, juu ya nguo. Ameivuta goti likiwa kitandani, kama anafunga gunia la viazi. Anasema tumbo lisipofungwa halirudi. Yeye alifungwa na mama mkwe wake kwa watoto wote sita, na likarudi.

Nilitaka kumwambia yeye hakukatwa. Lakini najua angenijibu: ndiyo, sikukatwa. Hapo ndipo pananiuma kuliko mshono. Nililazwa usingizi, mtoto akatolewa, nikaamka nikaambiwa ni msichana. Kila mtu alimwona kabla yangu. Sasa nani anazaa hivyo?

Alhamisi, 6 Machi

Panachoma. Si maumivu ya juzi, haya ni mengine. Na kuna harufu. Nimemwambia Shosho ni jasho.

Jumamosi wanawake wa kwao wanakuja kuona mtoto. Ameshaita watu, ameazima viti kwa majirani, anapiga simu huku akicheka peke yake. Nikisema naumwa nitakuwa nimeharibu tena. Kuzaa nilishindwa, hata wageni wanishinde? Afadhali nivumilie wapite.

Ijumaa, 7 Machi

Jua kali nje na mimi nimevaa sweta mbili. Jioni Kamau akitoka kazini ameuliza mbona natetemeka. Nimesema ni uchovu. Ameamini. Wanaume!

Mtoto akinyonya namwangalia na sihisi kitu. Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu naweza kumwambia. Sihisi kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Walikuja. Vigelegele vilianzia kwa ngazi. Wakaomba, wakala, wakampitisha Wambui mkono kwa mkono. Mmoja mwenye kofia ya sufu akauliza kama ni kweli nilipasuliwa. Nikasema ndiyo. "Afadhali wewe, hukusikia uchungu," akasema. "Wa pili utajaribu kuzaa mwenyewe." Wakacheka, bila ubaya. Mimi pia nikacheka. Mjinga mimi.

Nikasimama niwaongeze chai, ndio waone niko sawa. Kitu cha moto kikanitiririka chini ya leso. Nikafikiri ni damu. Ilikuwa usaha, gauni yote imelowa mbele. Chupa ya chai ikaniponyoka.

Shosho alinivuta chumbani, akafungua leso, akafunua. Hakuwa ameuona mshono hata siku moja. "Ngai!" Alivyomwita Mungu kwa kelele, sebuleni walisikia wote. Wageni waliondoka chai ikiwa vikombeni.

Jumapili, 9 Machi

Wodi, Thika. Dripu mkononi. Daktari ameuliza kwa ukali ni nani aliyenifunga. Nimesema ni mimi. Shosho alikuwa amesimama hapo na mtoto mgongoni, akiangalia sakafu.

Nesi amefungua nyuzi na kuosha ndani. Nimelia kama mtoto, sikuona aibu. Nesi alimwambia Shosho angoje nje, akakataa. Alinishika mguu. Aliangalia mpaka mwisho.

Jumatatu

Wameosha tena. Sina nguvu za kuandika.

Jumatano, 12 Machi

Homa imeshuka. Nje kuna mvua ndogo.

Mchana mama wa kitanda cha pili, aliyejifungua jana, ameniuliza kama nilizaa ama nilipasuliwa. Kabla nifungue mdomo, Shosho ameweka bakuli la uji chini.

"Amezaa," akasema. "Mimi nimezaa sita, na hakuna aliyenitoka kwa bei hiyo. Nimeona mahali huyu mtoto alipitia. Amezaa."

Yule mama akasema pole. Shosho akachukua bakuli tena, akaendelea kunilisha. Uji ukamwagika kidogo kwa shuka, akaupangusa.

Baadaye amenilaza Wambui kando, upande usiouma, akaenda kufua. Nimemwangalia mtoto. Ana alama nyeusi nyuma ya sikio, ndogo sana. Sikuwa nimeiona. Nimeigusa na kidole, akakunja uso, akaendelea kulala.