Kufuli Ulilompelekea Dada Yako

Bondeni, Nakuru

Mama Yohana mpendwa,

Nakusalimu katika Bwana. Huku ni baridi, na viazi na njegere ninashiba. Nilimkabidhi dada yako kufuli lako. Tangu mumewe awekwe kizuizini anakaa peke yake na watoto, na kwa Hali hii ya Hatari majirani wote wametia makomeo milangoni. Mlango wake yeye hurudishwa tu.

“Shemeji, nikifunga, wanaokimbilia huku kusali watapitia dirishani?” aliniuliza akicheka. “Ngome yangu ni Mungu. Lakini paka wa hapa hawajaokoka. Asante sana!”

Akalifunga kufuli kwenye banda la kuku.

Nilikunja uso, kisha nikacheka. Jua lilipoanza kushuka, wale wenye makomeo walikuja mmoja mmoja kuketi kwake, tukaimba na kuomba. Imani ya mwanamke huyu ni kubwa. Mimi niliyekuja kumlinda nililala fofofo, jambo ambalo, kama ujuavyo, limenishinda tangu mwaka jana.

Mungu awafunike kwa mbawa zake, wewe na watoto.

Mumeo,
Baba Yohana