Kumwamkia Mwalimu Chini ya Maji

Mama mpenzi, shikamoo.

Hapa Songea tunajifunza kupiga mbizi bwawani, kwa kifaa kinachosafisha pumzi yako na kukurudishia, ili mapovu yasiwafukuze samaki tutakaowahesabu ziwani. Jana mwalimu wetu, mzee wa rika la baba, alinitokea ghafla chini ya maji. Nilikuwa sijamwamkia, basi nikautoa mpira wa kupumulia mdomoni nimpe shikamoo! Kifaa kikajaa maji. Akanivuta juu nikikohoa.

"Marahaba, mwanangu," akacheka. "Ila huku chini heshima ni kufumba mdomo."

Nusura nipande basi nirudi Nakapanya. Leo nimeshuka tena, nikakaa mpaka akaniashiria inatosha. Kule kuna kimya kizuri, mama. Nilikuombea dua kimoyomoyo.

Mwanao mwoga,
Zuhura