Joka langu mbele ya shemeji

Uko hewani? Nina hasira!

Shemeji kanichapa! Mchezo wa vita vya vinyago nimemfundisha mimi, juu ya meza yangu mwenyewe!

Unalijua lile joka langu, jemadari wa jeshi, nililolipaka rangi mwezi mzima. Nikaliweka mbele kabisa ili alione vizuri.

ALIONE! Akalielekezea mishale yote. Likafa raundi ya kwanza.

Na jemadari akifa, kila kikosi kinarusha dadu kupima ujasiri; kikishindwa, kinakimbia. Majitu yangu yakatimua mbio yote, hata hayajaguswa. Hayajaguswa!

Anacheka mpaka machozi. "Shemeji, umeleta vita au maonyesho?"

Nimejifungia chooni nakuandikia. Namsikia huko sebuleni anamwambia dada, "Na mwenye jeshi naye kakimbia."