Familia ya Majani na Maganda

Shoga, shika simu! Basi soma. Nimejifungia chooni hapa shuleni.

Si leo wazazi walikuja kutazama darasa langu la chekechea. Nikawapa watoto vitu tulivyookota uani, mawe, majani, maua, maganda ya mbegu, kila mmoja abandike familia yake kwenye karatasi.

Wifi yangu naye alikuwepo. Yule yule aliyesema mbele ya ukoo kwamba nafundisha takataka.

Mwanawe kaweka jiwe. "Huyu baba." Kaweka jani kavu. "Huyu mama. Ukimgusa tu anapiga kelele."

JANI KAVU! Wazazi wakaziba midomo wasicheke.

Hapo ningenyamaza. Lakini niliona ua jekundu kando ya jiwe, nikauliza kwa sauti, makusudi kabisa: "Na huyu nani, mpenzi?"

"Anti wa jirani. Mama akienda kazini, baba anamnusa shingoni."

Anamnusa shingoni, shoga! Kaka yangu mwenyewe nimemchoma na wala sikujali. Wifi kasawijika, mimi namsogezea mtoto gundi. "Bandika vizuri, tutaitundika ukutani."

Mtoto akanivuta sketi. "Shangazi, nimekusahau wewe." Akachagua ganda, akalitikisa sikioni, halikulia. Akalibandika peke yake kwenye kona.

"Huyu wewe. Mama anasema tumboni mwako hamna kitu."

Safari hii hakuna aliyeziba mdomo.

Wifi akaniokotea sakafuni pini ya kutundikia iliyoniponyoka, akanikabidhi taratibu.

"Haya, mwalimu. Itundike."